Kabla ya Kufungua Mfuko, Tushuke Mteremko

Asubuhi moja ya Februari nilimwaga urea katika majaruba yangu. Maji yalikuwa yamepita kifundo cha mguu, jua limeshachoma, na milango ya maji kwenye kingo iko wazi kama siku zote. Jioni mvua ikashuka. Baada ya wiki mbili mpunga wangu ulikuwa na umanjano uleule niliouacha nao. Wa jirani yangu, ambaye majaruba yake yanapakana na yangu kwa upande wa chini, ulikuwa umekolea kijani kibichi. Yeye hakuwa ameweka chochote. Tulipokutana kwenye kingo aliniuliza kwa heshima zote, "Kaka, awamu ya pili unaniwekea lini?"

Nilicheka naye, na tangu siku hiyo nimekuwa na neno la kuwaambia ninyi mnaolima mpunga, mnaouza pembejeo, mnaoongoza vijiji, na ninyi mlio mjini mnaolima kwa simu, mkituma hela ya mbolea na kusubiri picha. Ombi langu ni moja: tuache kuhesabu mbolea kwa mfuko na ekari peke yake, tuanze kuihesabu kwa mteremko. Na hesabu hiyo hakuna anayeiweza peke yake, kwa sababu mteremko ni wa watu wengi.

Tuanze na mfuko wenyewe. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, ndicho chakula ambacho mpunga unakisubiri. Ruzuku ya mbolea iliporudi Tanzania msimu wa 2022/2023, bei ya mfuko huo ilishuka hadi kama shilingi 70,000, na wengi wetu tulipumua. Lakini katika mpunga wa maji, huku kwetu na hata Asia wanakoula asubuhi na jioni, mara nyingi mmea huambulia kilo 30 hadi 40 tu katika kila kilo 100 za naitrojeni iliyomwagwa. Maana yake, katika zile kilo 23 mpunga unakula saba, nane, zikizidi sana tisa. Kodi ya namna hiyo ingetozwa na halmashauri tungejaa ofisini kwa mkurugenzi. Hii tunailipa kimyakimya kila msimu.

Zinazobaki haziendi mahali pamoja. Nyingine hupaa. Urea ikiyeyuka hugeuka kuwa amonia ndani ya siku chache, na saa za mchana, ule ukijani unaoota majini ukishafanya maji yawe na hali ya magadi, amonia hupanda hewani kama mvuke wa chungu kisicho na kifuniko. Nyingine huzama. Ikishageuka kuwa naitreti haina cha kujishikia kwenye udongo, inafuata maji kwenda chini, mizizi isikofika. Nyingine huliwa na bakteria: jaruba likikauka kisha likafurika, likakauka tena likafurika tena, naitreti iliyojitengeneza wakati wa ukavu hugeuzwa gesi wakati wa maji, ikaondoka bila kuonekana. Na nyingine huvuka kingo kwenda kwa jirani, kama ile yangu.

Ipi kati ya njia hizo itakuibia zaidi? Inategemea umesimama wapi kwenye mteremko. Hilo si jipya kwetu. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo wa Kiingereza, Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alilipa jina jambo aliloliona akizunguka Tanganyika: kwamba kuanzia kilele cha kilima hadi bondeni udongo hubadilika kwa mpangilio, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Leo mwanafunzi wa udongo popote duniani hulisoma neno hilo, na wachache wanajua kwamba lilizaliwa kwenye vilima vyetu. Lakini kabla ya Milne, Wasukuma walikuwa tayari na jina kwa kila pingili ya mnyororo huo. Isanga na luseni ni udongo wa kichanga wa huko juu, karibu na mawe ya matale. Itogolo ni ule wa chini ya mteremko, mgumu, wenye tabaka lisilopitisha maji. Ibambasi ni ule mkavu kama sakafu, wenye chumvi na magadi, ambao hata jembe linaukataa. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Babu zetu hawakuyatoa majina hayo kwa mapambo. Jina lilikuwa ushauri: hapa panda karanga, hapa chimba majaruba, hapa peleka ng'ombe.

Sasa tazama ushauri tunaopewa leo dukani: "Mifuko miwili kwa ekari, mmoja wa kupandia, mmoja wa kukuzia." Ekari ipi? Ya isanga au ya mbuga?

Juu kule kwenye mchanga, maji hayakai na mbolea haikai. Chembe za mchanga hazina pa kushikia chakula cha mmea. Ukimwaga mfuko mzima siku moja, mvua mbili tu zinatosha kuushusha. Mwenye jaruba huko, kama kweli ni lazima alime mpunga huko (mimi ningepanda viazi vitamu), agawe mbolea kidogokidogo mara tatu: mpunga ukishashika, ukiwa unachipua, na unapokaribia kutunga mimba. Halafu asione haya kubeba samadi. Samadi haina naitrojeni nyingi, ila inaupa mchanga mikono ya kushikia ile ya dukani. Zizi lipo nyuma ya nyumba na tunalitupa.

Itogolo ndipo penye moyo wa mpunga wetu. Lile tabaka gumu ambalo mkulima wa mahindi hulilaani ndilo linalomfaa mkulima wa majaruba, kwa kuwa maji yakikingwa yanatulia. Lakini udongo wenyewe ni maskini, mboji ni kidogo na naitrojeni ni kidogo, kwa hiyo mpunga wa hapo huitikia mbolea upesi na kwa furaha. Hapa shilingi yako inaweza kuzaa kuliko popote kwenye mteremko, kwa sharti moja, nalo ni maji. Itogolo ikikosa mvua siku kumi inakauka juu, ikinyesha inafurika, na kila kukauka na kufurika ni karamu ya wale bakteria. Kwa hiyo mbolea ya kukuzia isimwagwe kwa kuangalia kalenda. Punguza maji kwanza hadi tope libaki limelowa tu, ziba milango, mwaga jioni jua likiwa limepoa, na ukiweza pitisha palizi ya mkono iingie ndani ya tope. Baada ya siku mbili tatu ndipo urudishe maji. Amonia ikishaingia topeni inashikwa na udongo. Ikibaki majini inaaga.

Na ukiona kipande cha ibambasi katikati ya itogolo yako, hakihitaji mfuko zaidi. Kwenye udongo wenye magadi urea hupaa haraka kuliko kwingine, ndiyo maana hapo SA (salfeti ya amonia) mara nyingi hufaa zaidi. Kuna jambo lingine pia linalotupiga chenga. Wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza, miche inadumaa, majani ya chini yanapata madoa ya kutu, na sisi tunakimbilia kuongeza urea. Mpunga hautaki urea, unataka zinki. Udongo wa magadi na ule wenye chokaa huifungia zinki isifike kwenye mizizi, na mafuriko ya muda mrefu yanazidisha. Huko India ugonjwa huo uliwasumbua wakulima hadi mwaka 1966, Y. L. Nene wa Pantnagar alipoonyesha kwamba hauna mdudu wala kuvu, ni njaa ya zinki. Kilo kama 10 za salfeti ya zinki kwa ekari humaliza tatizo ambalo mifuko mitano ya urea isingelimaliza. Ni vipande vingapi vya hivyo tumevilisha urea miaka yote hii?

Mbugani hali ni nyingine tena. Udongo mweusi unashika mbolea kwa nguvu, na miaka mingi umekuwa ukipokea kila kinachoporomoka kutoka juu, pamoja na urea yangu. Mtu wa mbuga anaweza kuweka nusu ya kile anachoweka mtu wa itogolo na wakavuna sawa. Akiweka sawa naye, na mpunga wake ni Supa, yenye kimo kirefu, anajitafutia balaa: inanenepa majani na upepo wa kwanza unailaza. SARO 5 ni fupi na inastahimili zaidi, lakini nayo ina kikomo. Hatari kubwa ya mbuga ni mafuriko. Mbolea iliyomwagwa juu ya maji ya goti haina mwenyewe. Na nyufa: ukimwaga urea kwenye mbuga iliyopasuka kisha ukafungulia maji, maji yataipitisha nyufani moja kwa moja kwenda chini ya mizizi. Ngoja udongo unywe, nyufa zifunge, ndipo uweke.

Wenzetu wa mabonde yaliyobanwa na milima wana adui wa aina yake, chuma. Maji yanayovuja chini kwa chini kutoka kwenye udongo mwekundu wa mlimani hubeba chuma hadi bondeni, na mpunga unakunywa kupita kiasi, majani yanageuka rangi ya shaba. Utaona juu ya maji utando unaong'aa kama mafuta. Uguse kwa kijiti: mafuta hujiunga tena, utando wa chuma hukatika vipande. Dawa ya kwanza hapo ni mfereji wa kuyakatisha yale maji kabla hayajaingia shambani. Mbolea inakuja nyuma yake. Na huko Mwea, Kenya, ambako udongo mweusi na mwekundu unakutana ndani ya skimu moja ya mpunga wa Pishori, mkulima aliyehama kitalu kimoja kwenda kingine anajua kwamba alichozoea kuweka hakikuhama naye.

Nimekwisha sema habari ya mteremko mkubwa. Kuna mteremko mdogo pia, ule uliomo ndani ya jaruba moja. Tunausahau kwa sababu macho yanatudanganya kwamba jaruba ni tambarare. Lijaze maji kidogo, uone. Upande mmoja tope limetokeza kama mgongo wa kiboko, upande wa pili maji yanafunika mche. Penye mgongo magugu yanaota na mbolea inaliwa na bakteria, penye shimo miche inazama na mbolea inakusanyika. Umemwaga kwa mkono sawasawa, lakini shamba limegawa kwa upendeleo. Fundi ujenzi ananunua pimamaji dukani. Sisi tumepewa maji yenyewe bure na hatuyasomi. Siku moja ya kusawazisha na ng'ombe na ubao, wakati wa kuvuruga tope, inaokoa mbolea kuliko maneno yote ya vipeperushi.

Najua kuna atakayesema mbinu mpya zipo, tuzifuate tu. Kweli zipo. Bangladesh urea hufinywa kuwa vidonge vya gramu moja hadi tatu, wanaviita guti, na wakulima huvizika kina cha kidole cha kati katikati ya mashina manne ya mpunga. Hapo chini hakuna hewa, naitrojeni inatulia na mmea unaichota taratibu, na wanaokoa kama theluthi ya mbolea. Ningependa kuona vidonge hivyo kwenye itogolo yetu. Ila ukivizika kwenye mchanga wa isanga unaopitisha maji kama chujio, umevisogeza tu karibu na njia ya kutorokea. Mbinu ileile, pingili nyingine ya mnyororo, matokeo mengine.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunafanyaje?

Kabla ya mvua za Novemba, kila kitongoji chenye majaruba kitenge nusu siku. Waiteni wazee na akina mama waliolima hapo muda mrefu, muanzie juu kwenye mawe, mshuke pamoja hadi mtoni, na kila udongo unapobadilika msimame, mtaje jina lake. Kijana mwenye simu aweke alama. Mchoro wake upigwe kwa chokaa ukutani kwa ghala la kijiji: juu isanga, pale ibambasi, hapa itogolo, kule mbuga. Bwana shamba au bibi shamba awepo, lakini siku hiyo aje kama mwanafunzi. Na yale majina ya kilugha tusiyaone ya kishamba. Anayelijua neno ibambasi ameshaokoa mfuko.

Wenye majaruba yanayomwagiana maji wakae chini ya mti mmoja wakubaliane siku za kuweka mbolea. Siku hiyo na siku tatu zinazofuata milango ya maji izibwe kuanzia juu hadi chini. Tunakubaliana kuhusu siku za gulio, za msiba na za kuswaga ng'ombe, hili halitushindi. Mimi na jirani yangu tumeanza. Anasema anakosa ruzuku yake.

Kisha, na hili ndilo ninalolililia zaidi, kila mteremko uwe na majaruba matatu madogo ya mita tano kwa tano yasiyotiwa naitrojeni kabisa: moja juu, moja katikati, moja chini. Yazungushiwe kingo imara ili maji ya wenye mbolea yasiingie. Wakati wa kuvuna, pima mpunga wa jaruba hilo kwa kilo, na pima wa kipande cha ukubwa huohuo kilichotiwa mbolea kando yake. Zidisha kwa 160 kila kimoja upate kilo za ekari. Tuseme pasipo mbolea umepata kilo 5 na penye mbolea kilo 9. Ni kilo 800 dhidi ya 1,440, tofauti ni 640. Kama ulitia mifuko miwili ya urea, yaani kilo 46 za naitrojeni, basi kila kilo ya naitrojeni imekuzalia kilo 14 za mpunga. Ikizidi 20, mshikane mikono. Ikiwa chini ya 10, mbolea yako imeliwa na mwingine, na sasa unajua ni pingili ipi ya mteremko ya kuitafutia mwizi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kurasa themanini halifikii hata bei ya kilo ya urea.

Wenye maduka ya pembejeo, nawaomba muulize swali moja tu kabla ya kupokea hela: "Shamba lako liko wapi, juu au chini?" Mteja akijibu mbugani, mwuzieni kidogo. Mtapoteza mauzo ya leo, atarudi mwakani akiwa na cha kununulia. Na wekeni zinki kwenye rafu, hata kama inatoka polepole.

Wakubwa wa halmashauri, udongo upimwe kwa mteremko badala ya kuchota sampuli moja ya kijiji kizima iliyotoka karibu na barabara. Maabara tunazo, Ukiriguru, Mlingano, Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwezi Mei 2024 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kuzungumzia mbolea na afya ya udongo kwa pamoja, baada ya miaka mingi ya kuhesabu zaidi kilo za mbolea kwa hekta, tangu mkutano wao wa mbolea wa Abuja wa 2006. Neno hilo la afya ya udongo litapata maana siku majibu ya maabara yatakaporudi kijijini na kubandikwa kwenye ule ukuta wa ghala, kwa Kiswahili, karibu na mchoro wa chokaa.

Na wewe unayelima kwa simu kutoka Dar es Salaam au Muscat: kabla ya kutuma hela ya mifuko, mwambie msimamizi akutumie kwanza picha ya chupa tatu. Chupa za maji za plastiki zinazoona ndani zinatosha. Kila moja itiwe udongo theluthi, mmoja wa juu ya shamba, mmoja wa katikati, mmoja wa chini, zijazwe maji, zitikiswe, ziachwe dirishani hadi kesho yake. Mchanga utakuwa umelala chini, mfinyanzi juu yake, na kama chupa zinatofautiana utaona kwa macho yako kwa nini zile hela ulizotuma mwaka jana zilistawisha upande mmoja. Ziandikwe kwa wino usiofutika: juu, kati, chini. Zisitupwe, mwakani tutazihitaji.